Posa Niliyoitafsiri kwa Kihiligaynon

Sina hakika kama mtu aliyeishia darasa la saba ana haki ya kueleza lugha ya watu wengine. Naandika nilichosikia, na nisipojua nitasema sijui. Msomaji anayetoka kule Panay au Negros, ambako ndiko Kihiligaynon kinakozungumzwa, akiona nimekosea anisamehe. Mwalimu wangu alikuwa mmoja tu, na alinifundishia kwenye mashuka.

Tulikuwa tunafanya kazi sehemu ya kufulia, kwenye hoteli moja ya Al Sadd, mjini Doha, mimi Mtanzania wa Muheza na yeye Mfilipino wa karibu na mji wa Iloilo. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwingine ncha mbili kule, mnalivuta mpaka linyooke, halafu mnatembea mpaka mnakutana katikati na ncha zinakabidhiwa. Basi kila tulipokutana katikati, yeye alinipa neno na mimi nikampa langu. Tukarudi nyuma, tukavuta, tukakutana tena. Kwa siku tulikunja mashuka mengi kuliko maneno tuliyokuwa nayo, kwa hiyo mengi tuliyarudia, na ndiyo maana hayakunitoka.

Neno la kwanza halikutoka kwenye shuka lakini, lilitoka jikoni. Tulikaa chumba kimoja kwenye nyumba ya wafanyakazi huko Al Thumama, na siku moja akaniomba kwa Kiingereza nimletee wali kutoka dukani. Au mchele. Kiingereza cha hotelini kina neno moja tu kwa vyote, na Kiingereza changu mimi kilikuwa cha kuombea maji. Nikamuuliza kwa mikono: uliopikwa au wa kupika? Akacheka, akaniambia kwao mpunga ukiwa shambani ni *humay*, ukishakobolewa ni *bugas*, ukishaiva ni *kan-on*. Nikaruka. Nikamwambia mpunga, mchele, wali! Tukashikana mikono pale jikoni kama watu waliogundua wamenyonya ziwa moja.

Dada mmoja wa mapokezi, msomi, alisema lazima lugha hizi ni ndugu. Simbishii, huenda anajua zaidi. Mimi nadhani tu kwamba anayelima mpunga hawezi kuishi na jina moja.

Baada ya hapo mengine yakafuata. Asante ni *salamat*, na ukitaka itoke moyoni unaongeza *gid*: *salamat gid*. Hiyo *gid* wanaipachika kila mahali, kama sisi tunavyosema "kabisa" au "kweli kweli". Polepole ni *hinay-hinay*. Sijui ni *ambot*, na hilo nililitumia kuliko yote. Mtu akifika mlangoni kwao anaita "*Maayo!*" na mwenye nyumba anajibu "*Dayon!*" yaani sawasawa na hodi na karibu. Yeye aliniita *Manang*, dada mkubwa, na mimi nikamwita *Inday*, ambalo si jina lake. Ndivyo msichana anavyoitwa kwao kwa upendo. Hapa pia nitamwita hivyo.

Kitu kimoja kilinisumbua sana, nacho ni sauti. Wailonggo, ndio watu wenye lugha hii, wanaongea kama wanabembeleza. Siku za mwanzo nilimsikia Inday kwenye simu, sauti inapanda na kushuka, tamu, nikajua anamlaza mtoto. Alipokata nikamwambia, "Mtoto kalala?"

"Mtoto gani? Namgombeza kaka yangu. Kauza nguruwe wangu bila kuniuliza!"

"Hapo ulikuwa umekasirika?"

"Manang, nilikuwa nimekasirika *gid*."

Nikamwambia mambo ya nguruwe mimi simo, lakini kama ile ndiyo hasira, mimi nyumbani kwetu nasalimia kwa ukali zaidi. Tulicheka mpaka mlango ukagongwa.

Sasa, Inday alikuwa na mchumba. Alikuwa dereva wa basi linalotutoa Al Thumama kutupeleka kazini, Mkenya, Mtaita, mtu wa utani mwingi. Walionana kwanza kwenye basi, halafu kanisani Abu Hamour, maana wote ni Wakatoliki, halafu sijui wapi na wapi. Kati yao waliongea Kiingereza. Mimi nilikuwa nakaa kiti cha nyuma yao nikijifanya nimelala.

Shida ilikuwa bibi. Inday alilelewa na bibi yake mzaa mama, ambaye wanamwita *Lola*, na aliapa kwamba bila neno la Lola hakuna ndoa. Alimwambia dereva mbele yangu, bila kuficha: "Lola akisema *huo*, nitakufuata hata mlimani kwenu. Akisema *indi*, nakuomba unisahau." *Huo* ni ndiyo, *indi* ni hapana. Dereva aliyajua maneno hayo mawili kuliko jina lake.

Kwa dereva nako, baba yake alishafariki, na mwenye kupeleka posa ni baba yake mkubwa, mzee wa huko Taita aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge. Mzee hakujua Kiingereza. Lola hakujua Kiingereza cha kutosha kwa jambo zito. Na pande zote mbili, bila kujuana, zilikuwa na sheria ileile: wachumba hawajisemei. Kwao Inday wanaita *pamalaye*. Upande wa mvulana unakwenda kwa upande wa msichana na kuna mtu wa kusema. Sisi tunamwita mshenga. Kwa hiyo Inday hakuweza kutafsiri, dereva hakuweza kutafsiri, na kati ya watu wote tuliowajua Doha, aliyekuwa na Kiswahili na vipande vya Kihiligaynon ni mimi.

Nilikataa. Niliwaambia mimi najua maneno ya mashuka na chakula.

"Posa si ni chakula tu na shuka?" dereva akasema. Nikamrushia foronya.

"Sista, wacha mchezo," akaendelea, sasa uso umebadilika. "Usiponisaidia nitatumia simu itafsiri. Unataka Lola aposewe na simu?"

Tuliijaribu simu, na kwa haki niseme kwamba mara nyingi ilikuwa sahihi kuliko mimi. Lakini ilisoma maneno ya Lola kwa sauti ya tangazo la uwanja wa ndege, na Inday akaziba masikio. Nikakubali. Niliwawekea sharti moja: sitaongeza chumvi wala sitapunguza. Atakachosema mzee ndicho nitakachosema, na atakachosema Lola vilevile, hata kama kinawaumiza. Nilifikiri huo ndio uaminifu wote anaodaiwa mkalimani. Hapo ndipo nilipokuwa sijui.

Siku ikawa Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, asubuhi ya Doha na Taita, alasiri ya Iloilo. Simu tuliiegemeza kwenye jungu la umeme la kupikia wali. Kwenye kioo kulikuwa na madirisha matatu: mzee wa Taita kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, kavaa koti zito, Lola kwenye kibaraza chake, mdogo, nywele nyeupe zimebanwa, jirani yake kamshikia simu, na mimi. Inday alijificha kitandani nyuma ya pazia. Wanaume hawaruhusiwi kupanda kwetu, kwa hiyo dereva aliegesha basi tupu chini ya dirisha na kusubiri. Tulikubaliana: jibu likiwa ndiyo, Inday atatoa kanga yangu dirishani aipunge.

Mzee akaanza kwa sauti yake, ambayo ilijaa chumba. "Hodi hapo!"

Nikasema, "*Maayo!*"

"*Dayon! Dayon kamo!*" Lola akajibu, na uso ukamchanua.

"Karibu, karibuni," nikasema. Nilijisikia kama nimepewa mabawa. Nikawaza, kumbe kazi yenyewe ni hii?

Lola akageuza simu akatuonyesha meza. Kulikuwa na *ibos*, wali wa kunata uliopikwa kwa tui la nazi ndani ya majani yaliyosukwa, na maembe ya kulia nao, na kahawa. Akasema, "*Kaon anay kamo.*"

"Anasema kuleni kwanza," nikamwambia mzee.

Mzee akainamisha kichwa. "Mwambie tumeshukuru sana. Lakini kwetu mshenga haonji kitu, hata maji, mpaka shida yake isikilizwe. Akila kabla, ni kama amekuja kutafuta chakula."

Sijui kama ni Wataita wote au ni ukoo wake tu. Dereva mwenyewe baadaye hakuwa na hakika. Nikamwambia Lola vile vile alivyosema. Ilinichukua muda, na neno moja niliomba kwa pazia, pazia likaninong'oneza.

Lola akatabasamu. Kwa sauti ileile tamu akasema kwamba kwake mtu hazungumzii mtoto wa watu akiwa na njaa. Wageni wale kwanza, wawe watu wa nyumba, ndipo maneno yaje. *Kaon anay.*

Nikatafsiri. Mzee akasema, "Mwambie tutakula mpaka tushindwe kuinuka, akishatujibu."

Nikatafsiri. Lola akatabasamu zaidi. Kama hatuwezi kula naye, akasema, basi labda tulikuwa tumekosea nyumba. Alilisema hilo kwa sauti ambayo mtu anambembelezea paka atoke chini ya kitanda.

Nikamwambia mzee maneno yenyewe, neno kwa neno. Mzee akamwangalia bibi anayetabasamu, akacheka. "Ana utani huyu mama! Mtu mpole sana. Haya binti, tusonge mbele, mwambie kijana wetu ni mchapakazi."

Pazia likanifinya mguu. Inday akaninong'oneza, na sauti ilikuwa ya mtu anayelia: "Manang, kakasirika. Kakasirika vibaya sana. Ataniambia *indi*."

Na kwenye kioo Lola alikuwa anamuuliza jirani yake, "*Ngaa akig siya?*" Kwa nini huyu amekasirika? Alikuwa anamsema mzee, kwa ajili ya ile sauti yake ya shamba la mkonge.

Hapo nilichanganyikiwa. Nilikuwa nimefikisha kila neno, sikuongeza wala kupunguza, na bado watu wawili walikuwa wanaangaliana uongo mtupu. Aliyekasirika alionekana anacheka, na aliyefurahi alionekana anagomba. Uaminifu wangu ulikuwa umefika mdomoni tu. Nikajiuliza nina mamlaka gani ya kusema kisichosemwa. Nikaona vilevile kwamba nikinyamaza, Inday ndiye atakayeachwa na kijana wa chini ya dirisha aambiwe amsahau.

"Mzee," nikasema, "samahani. Sasa nasema mimi, siyo bibi. Bibi amekasirika."

"Amekasirika? Mbona anacheka?"

"Kwao ndivyo wanavyokasirika. Mimi nimekaa naye mjukuu wake, najua. Kukataa chakula chake ni kama umekataa nyumba yake."

Kisha nikageuka kwa Lola, Kihiligaynon kikinitetemeka. "*Indi siya akig, Lola. Amo gid na ang tingog niya.*" Hajakasirika, ndiyo sauti yake tu. Nikamwambia kwamba anayo furaha, kwamba kwao mshenga anafunga mdomo ili kuwaheshimu wenye binti. Hilo la kuheshimu sikuwa na neno lake, nikasema tu kwamba anaona njaa kwa ajili yenu.

Lola akaitazama meza yake. Mzee akafunga vifungo vya koti lake. Nikaona nimeharibu. Kila mmoja sasa alimwelewa mwenzake, na kila mmoja bado hakuweza kuivunja sheria yake.

Ndipo kwenye dirisha la Taita akatokea mke wa mzee. Kumbe muda wote alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza. Mama mnene, kitambaa kichwani, mkononi sahani ya kimanga, ule muhogo unaopondwa na maharage. Akakaa kwenye kochi karibu na mumewe, kochi likalia.

"Wewe ndiye mshenga," akamwambia. "Umefunga, funga. Mimi kuna mtu kanituma? Mimi nimekuja tu kutembea kwa mwenzangu, na mwenzangu ameniambia nile."

"Mama, subiri kidogo..." mzee akaanza.

"Sisubiri. Wee binti wa Doha, hebu mwambie bibi nimekaribia. Kwake kuna wali wa nazi sijaufikia, nitakula hiki, aone kama tunakula pamoja."

Akachota tonge, akalinyanyua mbele ya simu ili Lola alione vizuri, akalitia mdomoni.

Sikuhitaji kutafsiri, lakini nilitafsiri. Lola alikuwa ameshachana majani ya *ibos* yake. Akauma, akatafuna, akamnyooshea kidole mama wa Taita. "*Namit?*"

"Anauliza ni kitamu?"

"Mwambie ni kitamu kuliko mume wangu."

Hilo nalo nililitafsiri, kwa sababu niliapa. Lola alicheka mpaka jirani yake akaitikisa simu, na kile kilikuwa kicheko cha kweli. Hata mimi niliijua tofauti. Mzee akajipangusa uso na kitambaa, akasema taratibu, "Basi na mimi nisikilizwe, jamani, nina njaa."

Akasema shida yake. Alisema vizuri, bila kuzunguka: wana kijana, hana makuu, hanywi, amelea wadogo zake baada ya baba kuondoka, na amempenda binti wa nyumba hiyo, na ukoo umeridhia. Nilitafsiri *hinay-hinay*. Pale niliposhindwa nilisema *ambot*, na pazia likanisaidia. Lola akanisikiliza mimi lakini akimwangalia yeye.

Kisha akauliza swali moja. Je, huko mlimani, mjukuu wake akirudi nyumbani amechoka, kuna mtu atakayemwambia ale?

Mzee alimgeukia mkewe.

"Mwambie," mama akasema huku mdomo umejaa, "huyo mtoto atakonda akiwa kwa watu wengine, siyo kwangu."

Lola akaweka *ibos* mezani, akafuta vidole. "*Huo*," akasema. Halafu akaona haitoshi. "*Huo gid.*"

Pazia lilikatika. Sitanii, lilikatika na fimbo yake, na Inday akaanguka juu yangu akiwa amejifunga shuka, analia na kucheka. Mzee akashika sahani ya mkewe, akaila yote. Tukapiga kelele hivi kwamba tukaisahau kanga.

Chini, honi ikalia. Mara moja, kwa adabu. Halafu ndefu. Mlinzi wa jengo, Mganda, akasikika akifoka: "Wewe dereva! Ijumaa yote hii, una kichaa?"

"Niko na tensheni, boss! Niache!"

Lola akasikia honi. Akauliza ni nani, akaambiwa, akataka kumwona. Tukashuka na simu, Inday mbele na shuka lake, mimi nyuma. Dereva alipotuona hatuna kanga mkononi alishika usukani kama mtu anayetaka kutapika. Inday akapanda basi, akamwekea Lola usoni.

Kijana akavua kofia. Sentensi niliyomfundisha wiki nzima ilimtoka kichwani yote.

"*Nakakaon ka na, Toto?*" Lola akamuuliza. Umeshakula, kijana wangu? Akamwita *Toto*, kama wanavyowaita vijana wao wa nyumbani.

Hilo alilielewa. "*Huo, Lola. Salamat gid!*"

"*Butigon!*" Inday akapiga kelele. Mwongo! Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri kwa hofu. Lola akacheka, akaamuru aletewe chakula hapo hapo, naye aone. Mlinzi, alipoambiwa sababu ya honi, ndiye aliyekwenda dukani pembeni akarudi na chapati na chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, kwa wote, na alikataa kurudishiwa pesa. Nimeona niliandike hilo kwa sababu nilimsema vibaya hapo juu.

Sidai kwamba nilitafsiri vizuri. Nikikumbuka sentensi zangu za siku ile natamani kuzikunja upya kuanzia mwanzo. Na sifa ya jambo lenyewe ni ya mama wa Taita, siyo yangu. Mimi nilisema tu kwamba mtu amekasirika.

Lakini nakumbuka mwisho wake. Tulikaa kwenye viti vya basi, simu imesimamishwa kwenye kioo cha mbele. Lola alikuwa anamweleza mama wa Taita kitu kuhusu majani ya kufungia wali, kwa Kihiligaynon, akionyesha kwa mikono. Mama wa Taita alikuwa anajibu kwa Kiswahili kwamba hata migomba inafaa. Mzee alikuwa anakula. Mimi mdomo wangu ulikuwa umejaa chapati, nikasubiri mtu aniulize amesema nini, na hakuna aliyeniuliza.